Kete za Primus

Tok.

Ilikuwa saa nane usiku. Elinipendo alikuwa macho, mtoto ananyonya, usingizi wenyewe umegoma kuja, ndipo aliposikia mti ukigonga mti kule sebuleni. Mara moja tu. Halafu kimya, na ndani ya kimya kile mbwa wa jirani akaanza kunguruma, kisha akakatiza kama aliyekanywa.

Sauti ile aliijua. Mwanamke aliyeolewa na mcheza sataranji huijua kete ikitua ubaoni kama mke wa seremala anavyoijua nyundo. Akanyoosha mkono akampapasa mumewe. Wenseslaus alikuwepo, mgongo wa moto, anakoroma.

"Wense," alinong'ona. "Baba Rachel. Umesikia?"

"Mm."

"Kuna mtu sebuleni."

"Lala, Pendo. Bati linapoa."

Bati likipoa hulia ta-ta-ta, hilo nalo alilijua, lakini alikuwa amechoka na mtoto ameshaanza kusinzia, akalala.

Ubao wa sataranji ulikaa kwenye meza ndogo karibu na dirisha. Kete zake hazikuwa za plastiki kama zile za klabu. Zilichongwa kwa mkono kutoka shina la mbuni mzee wa kihambani, lile shamba la ukoo kwa kina Wense, kule Mkuu, Rombo. Nyeupe zimeachwa na rangi ya mti wenyewe, nyeusi zimepakwa masizi na mafuta. Zilikuwa za marehemu kaka yake, Primus, ambaye Pendo hakumkuta. Wense alizipanga tayari kwa kuanza akaziacha hivyo, kila akipita huzikwepa kwa macho, na hakutaka ziguswe. Sasa mchana wa jana yake Pendo alizigusa. Rachel, miezi tisa, alikuwa analia meno, na mama yake akampakata mbele ya ubao, akashika kitunda cheupe, ile kete ndogo kuliko zote, akakisukuma hatua mbili mbele. "Baba huanza hivi," alimwambia. Mtoto akacheka. Mara uji ukafurika jikoni, akakimbia, akasahau kukirudisha.

Asubuhi hii kitunda kimoja cheusi kilikuwa kimetoka kwenye safu yake, kimekuja kusimama uso kwa uso na kile cheupe.

Pendo akatabasamu peke yake. Ahaa. Kumbe mwalimu wa hesabu bado ana michezo. Wense ndiye aliyemfundisha, wakati ule wa mimba daktari alipomwambia alale asinyanyue hata ndoo, na zile jioni zilikuwa tamu kuliko fungate. Hata mashindano alimpeleka mara moja, tumbo likiwa mbele, akashindwa michezo yote akacheka. Tangu mtoto azaliwe Wense hajawahi kumwambia tena "njoo tucheze." Anacheza na wenzake wa klabu, anacheza na simu. Basi leo kajibu kimyakimya usiku, amejidai kukoroma! Pendo akatoa farasi mweupe, akaenda kufua nguo. Hakusema kitu. Kama mchezo ni wa kimyakimya, na uwe wa kimyakimya.

Usiku, tok. Asubuhi, jibu.

Kitu kimoja tu alikishangaa, nacho alikipuuza. Kete iliyohamishwa ilikuwa baridi. Rau walikoishi ni bondeni, Februari mtu analala dirisha wazi, lakini kete ile ukiishika ilikuwa kama umeitoa kwenye friji, na vidole vilibaki na harufu ya mbege, ile pombe ya ndizi, iliyolala kwenye ndoo.

Siku ya sita Wense alikwenda Bomang'ombe kusimamia mitihani, siku mbili. Pendo akafunga mlango kwa komeo, akaegemeza na stuli juu yake, akalala na mtoto katikati ya kitanda. Saa nane akasikia.

Tok.

Hakuamka kwenda kuangalia. Alikaa macho wazi mpaka jogoo akawika, na palipokucha alikuta komeo liko mahali pake, stuli iko mahali pake, na tembo mweusi amevuka ubao mzima. Akamgusa kwa ncha ya kidole. Baridi.

Angeacha hapo. Mtu yeyote mwenye akili angeacha hapo, na yeye akili alikuwa nazo, hesabu alipata B kidato cha nne kabla mambo ya ada hayajaharibika. Akaacha kweli. Hakujibu. Akaufunika ubao kwa kanga, akawasha redio ya kwaya mchana kutwa. Usiku ule hakukuwa na sauti yoyote, akamshukuru Mungu. Alfajiri akamgeuza Rachel amnyonyeshe, akashika miguu ya mtoto.

Ilikuwa barafu. Mwili wote wa moto, kifua cha moto, na ile miguu miwili midogo kuanzia magotini kushuka ni baridi kama mawe ya mtoni, kucha zimepiga bluu. Alipiga kelele, akaisugua, akaiingiza tumboni mwake, ndani ya gauni, akalia huku akienda sebuleni amembeba hivyohivyo, akaivuta kanga, akacheza. Kete yoyote. Akacheza tu. Na miguu ya mtoto ikaanza kupata joto mkononi mwake, polepole, kidole kwa kidole.

Tangu hapo hakuacha kujibu hata siku moja.

Na hili ndilo alilokuja kulionea aibu baadaye kuliko yote: baada ya wiki mbili hakuwa anaogopa tu. Alikuwa anangoja. Kila mara yeye alianza kama Wense alivyomfundisha, na kila mara yule mwingine alimpeleka kwenye njia ileile, mpaka mahali ambapo malkia mweusi alijitoa, akajiweka mdomoni mwa adui bure kabisa, kama mtu aliyechoka kuishi. Pendo akamla. Usiku uliofuata farasi mweusi akaruka, na uliofuata kitunda kikasogea, na mfalme wake mweupe akakosa pa kwenda. Mara tatu alishindwa hivyo, katika muda wa miezi miwili. Mara ya tatu alikaa mbele ya ubao uji unaungua, akaielewa njia yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, akasema kwa sauti, "Loh! Wewe unajua." Na kiti kilichokuwa tupu ng'ambo ya meza kikalia, kile kilio cha kiti ambacho mtu amejiegemeza akaridhika.

Wense hakujua. Alichojua ni kwamba mashindano ya mjini yalihitaji watu kumi na sita na waliojiandikisha ni kumi na watano.

"Njoo ukae tu, Pendo," alimwambia. "Wanawake hawalipi kiingilio. Upoteze mchezo wako urudi kwa mtoto."

"Na nikishinda?"

Wense alicheka mpaka akashika tumbo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na reti elfu moja mia nane na sabini, yaani kwa zile pointi zinazopima uwezo wa mchezaji hakukuwa na wa kumfikia Moshi nzima, na mkewe alikuwa na elfu moja na mia, zawadi ya yale mashindano ya mimba. Mlima huo na kichuguu.

Wachezaji walipangwa kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia. Sirili, fundi simu, mdomo usiofungwa, ndiye aliyesoma: "Meza ya kwanza, nyeupe, Mwalimu Wenseslaus. Nyeusi... jamani! Mama Rachel!" Ukumbi ukalipuka. "Mwalimu, ukimla malkia wake leo utalala jikoni!"

"Nitampa chai kwanza," alijibu Wense, na watu wakacheka tena, Pendo naye akacheka, akampa binti wa jirani mtoto amshike.

Wense akasukuma kitunda hatua mbili. Baba huanza hivi.

Hatua ya kumi alikuwa bado anatania. Hatua ya kumi na tano aliacha kutania. Nje jua la saa saba lilikuwa linachoma mabati, watu wanajipepea kwa karatasi za matokeo, na Pendo alihisi ubaridi ukishuka nyuma ya shingo yake taratibu kama mtu amefungua mlango mgongoni kwake, na mbege, ile harufu ya mbege iliyolala, pamoja na harufu ya koti la mvua lililoloa likakunjwa bila kuanikwa; akataka kugeuka akashindwa kugeuka, akamtazama mumewe kama naye anasikia, lakini Wense alikuwa ameinamia ubao, jasho linamtiririka. Pendo akamchukua malkia wake akamweka mdomoni mwa adui, bure.

"Mama Rachel," alinong'ona Wense, kwa huruma kabisa. "Umeona ulichofanya?"

"Nimeona."

Wense akamla. Farasi akaruka. Kitunda kikasogea. Wense akanyoosha mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena. Watu walikuwa wameacha meza zao wakaja kusimama, hakuna aliyekuwa anajipepea tena, na saa ya mchezo ilikuwa inahesabu, inahesabu, mpaka mwalimu akamshika mfalme wake kichwani, akamlaza chini.

"Ehe!" Sirili akapiga makofi. "Leo mwalimu kafundishwa! Bwana, huyo mke usimwache peke yake nyumbani, anasoma usiku!"

Ukumbi ukacheka, Wense naye akacheka, meno tu.

Nyumbani Wense hakula. Mtori ulipoa kwenye bakuli ukafanya ngozi juu, naye amekaa anatazama ubao wa kaka yake kama mtu anayetazama barua isiyo ya kwake. Pendo alikuwa anamlaza mtoto aliposikia, nyuma yake, kwa sauti ndogo kabisa:

"Ni nani?"

"Nani nini?"

"Anayekuja hapa nikiwa kazini. Anayekufundisha."

"Wense!"

"Ile kumtoa malkia hukuijua kwangu. Haipo kwenye simu, nimetafuta. Klabu hakuna anayeijua. Mtu kakufundisha ile, kakaa kwenye kiti changu, kacheza na kete za kaka yangu, na wewe umekaa hapo umemtumbulia macho. Mimi nimekwambia tucheze lini mara ya mwisho? Nambie. Na yeye kakwambia mara ngapi?"

"Hakuna mtu. Naapa kwa huyu mtoto."

"Usimwapie mtoto wangu." Wivu ulikuwa umemkausha midomo. "Sikiliza. Mtoto ni wa ukoo wetu, hilo unalijua, hata kwenu Machame ndivyo. Kesho utaniambia jina la huyo mwanamume. Usiponiambia, utarudi kwa baba yako na begi lako, Rachel anabaki kwa Mama, Mkuu. Nimemaliza."

Sasa Pendo angesema nini? Akisema uongo, mtoto anaondoka. Akisema kweli, ni kichaa, na mtoto wa kichaa pia huondolewa. Akachagua kweli. Aliisema yote kwa pumzi moja, kitunda, kete za baridi, miguu ya mtoto, kiti, maneno yanakanyagana mlangoni mwa mdomo, na Wense akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Vizuri. Leo tunalala hapa sebuleni wote watatu. Tumwone huyo jini wako."

Pendo akasukuma kitunda cheupe. Wakazima taa. Taa ya nje ya jirani ilitosha kuonyesha vivuli vya kete. Wense alikaa sofani mikono kifuani kama mzazi anayemngoja mwanafunzi mwongo, Pendo chini kwenye mkeka, mtoto amefungwa mgongoni kwa kanga mbili kwa sababu hakutaka miguu yake iguse kitu chochote ndani ya chumba kile. Saa sita ikapita. Saa saba. Wense akapiga miayo. Na ilipofika saa nane mbwa wa jirani akaanza kunguruma, akakatiza, harufu ikaingia kwanza, mbege na koti lililoloa, kisha ubaridi ukaja ukitambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ukapanda mkekani, ukapanda magotini mwa Pendo, na kiti kile cha ng'ambo kikavutwa nyuma, taratibu, kwa adabu, kama anavyokivuta mtu asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba, kikalia chini ya uzito, na kitunda cheusi kikanyanyuka, si kusukumwa bali kunyanyuliwa juu hewani mahali ambapo hapakuwa na mkono, kikageuzwa, kikagongeshwa ubavuni mwa ubao mara mbili kama mtu anayewaza, ndipo kikashushwa.

Tok.

Wense alitoa sauti ambayo Pendo hakuwahi kuisikia kwa mwanamume mzima.

"Primus," alisema. "Primus ndiye aliyekuwa anagonga hivyo. Mara mbili ubavuni. Kila mara."

Kiti kikalia. Wense akateleza kutoka sofani akapiga magoti, na hapo sakafuni, meno yakigongana kwa baridi, akasema mambo ambayo kwa miaka mitatu hakumwambia padri.

Primus ndiye aliyekuwa wa kwanza Moshi, zamani hizo. Primus alimfundisha. Halafu ikaja siku mdogo mtu, mwenye reti ndogo, asiyetegemewa na yeyote, akamfunga kaka yake mbele ya ukumbi mzima. Kwa mchezo huuhuu, mwanzo huuhuu. Wivu ukampanda Primus kichwani. Akasimama akasema mdogo wake kaiba, kaangalia simu chooni. Wakaachana hapo, ndugu wa tumbo moja, hawasalimiani. Baada ya miezi minne Primus akashuka kutoka Mkuu hadi Rau kwa miguu na magari, amevaa koti la mvua, mkononi ana jani la isale lililofungwa fundo.

Pendo aliweka mkono mdomoni. Hakuna mtoto wa mlimani asiyejua. Isale ni jani refu la kijani, linapandwa mipakani na makaburini, na ukimkosea mtu ukampelekea isale lenye fundo, umemaliza maneno yote. Hata kama ni damu, halikataliwi. Mtu halikatai isale.

"Nililikataa," alisema Wense. "Alinyoosha mkono, akasema, 'Mdogo wangu, nisamehe, na siku moja tucheze tena, nimeshaona nilipokosea.' Nikalichukua. Mwenye nyumba wetu alikuwa na mbuzi hapo nje. Nikampa mbuzi, huku ananiangalia. Akatafuna nusu."

"Wense, jamani."

"Alipandisha mizigo ya wageni mlimani juma lile. Ikanyesha. Walimkuta asubuhi ndani ya hema, ameganda."

Kulipokucha walipanda gari la Rombo na ubao ndani ya mfuko wa salfeti.

Mama yake Wense, Kornelia, alikuwa anakatia ng'ombe majani. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, wanangu. Mbona nyuso hizo?" Wense akashindwa kuanza, akaanza, akasema yote akiwa amesimama katikati ya migomba, na alipofika kwenye mbuzi bibi yule akaliweka panga chini polepole.

"Lile isale nililikata mimi," alisema. "Pale mpakani, kwa mkono wangu. Nikalifunga fundo nikampa Primus, nikamwambia nenda, ndugu yako hawezi kulikataa. Aliporudi alisema, 'Kalipokea, Mama.' Hakutaka nijue." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Miaka mitatu nawasha mshumaa namshukuru Mungu kwamba wanangu walipatana. Kumbe ulimpa mbuzi."

Hakumpiga wala hakumlaani. Pendo alitamani angempiga.

"Mama, ni jini?" aliuliza Pendo. "Kule Rau watasema ni jini la kununuliwa."

"Jini gani? Huyo ni wetu. Jini unalifukuza. Mtu wa kwenu unamwomba."

Kaburi la Primus lilikuwa chini ya migomba, nyuma ya nyumba, limezungukwa na isale alizopanda Kornelia. Jioni, jua bado lipo, alileta kata ya mbege mpya, akamimina kidogo udongoni, akamwita Primus kwa Kichagga, sauti ya mama anayemwita mtoto aje kula. Akakata isale jipya, akalifunga, akampa Wense. Wense alipiga magoti akaliweka juu ya kaburi kwa mikono miwili, akalia kama alivyopaswa kulia miaka mitatu nyuma. Wakachimba pembeni, wakafukia ubao na kete zote. Kornelia akazihesabu zikiingia, thelathini na mbili.

"Tungojee siku saba," alisema. "Likikauka hapa juu ya kaburi, kapokea."

Siku saba nyumba ya Rau ilikuwa nyumba tena. Mbwa alibweka kama mbwa. Wense aliomba msamaha kwa mkewe, si kwa maneno mengi, alimnunulia kitenge na akaanza kuamka yeye kumbembeleza mtoto, na klabuni, Sirili alipoanza tena kejeli zake, alimjibu, "Mke wangu kanifunga kihalali. Muulize akufundishe." Pendo alipoambiwa alifurahi, halafu usiku akajikuta macho saa nane, anasikiliza. Hakuna kitu. Akawaza ile njia ya malkia, nzuri vile, nani mwingine ataonyeshwa sasa? Akajishika. Akasema salamu Maria, yeye Mlutheri, ilimradi aseme kitu.

Alfajiri ya siku ya nane aliamka kumchemshia mtoto uji. Kulikuwa kumeshapambazuka, mlima umejitokeza mweupe juu ya paa za jirani. Rachel alikuwa kiunoni. Akapita sebuleni, akasimama.

Juu ya meza ndogo karibu na dirisha, meza iliyokaa tupu wiki nzima, palikuwa na jani la isale. Halikuwa lile jipya. Lilikuwa limekauka rangi ya ngozi ya tumbaku, fundo lake limekazwa na mkono wa mama, na nusu yake haikuwepo; ukingoni, wazi kabisa, mstari wa meno ya mbuzi. Juu yake kilisimama kitunda kimoja cheupe, kina udongo mweusi wa Mkuu.

Akaenda kona ya jikoni akapiga simu. Iliita mara moja tu.

"Mama, shikamoo. Limerudi."

Kornelia akauliza, "Lina meno?"

"Lina meno."

"Nimetoka kaburini sasa hivi. Lile la Wense halipo. Nimetafuta mpaka kwenye shamba la jirani." Bibi alishusha sauti. "Wense kaliona?"

"Bado amelala."

"Asilione. Unanisikia, Elinipendo? Mume wako kakataliwa. Marehemu bibi yangu aliniambia, aliyekataliwa na maiti, akijua kakataliwa, hamalizi mwaka. Nina mtoto mmoja amebaki. Lichome jikoni, jivu ulimwage chooni."

"Na kitunda?"

"Kitunda hakumletea Wense. Kakuletea wewe." Simu ilijaa pumzi za mtu mzima anayelia bila sauti. "Ulimjibu, mwanangu. Wense hakumtaka tena, wewe ukamjibu. Anakutaka peke yake sasa, anamwonea wivu huyo mtoto, na mume, hata usingizi wako. Kama hachezi na wewe, atacheza na mwingine humo ndani. Wewe unajua ni nani."

Pendo alikuwa amerudi sebuleni bila kujua, simu sikioni. Rachel akainama kutoka kiunoni mwake, akanyoosha mkono mnene, akakishika kile kitunda. Akakinyanyua. Akakigonga ukingoni mwa meza, mara moja, mara ya pili, akakishusha mbele, hatua mbili.

Tok.

Ng'ambo ya meza, kiti kikavutwa nyuma, taratibu, kwa adabu, kikalia. Rachel akakitazama kile kiti kitupu, akacheka kwa ufizi wake wenye meno mawili, kama anavyomchekea mtu anayemfahamu.

"Pendo?" Wense aliita kutoka chumbani, sauti ya usingizi. "Unaongea na nani?"

"Na Mama! Anakusalimia!"

Akaliokota jani akalisokomeza kifuani, likamkwaruza. Akaishika miguu ya mtoto, ya kulia kwanza, halafu ya kushoto. Ilikuwa bado ya moto.

"Ameshakaa?" aliuliza Kornelia simuni.

"Ameshakaa, Mama."

"Niahidi, basi, Wense asijue."

Mlango wa chumbani ulianza kufunguka. Pendo akavuta kiti cha upande wake, akakaa, mtoto mapajani, macho yake kwenye kile kiti kingine.

"Sitamwambia mtu mwingine," alisema, na hakujua ni nani kati ya hao wawili aliyekuwa anamwahidi.